Kwenda Phoenix kwa Gari-nyumba Kupitia Jangwani: Maswali Ambayo Ndugu na Marafiki Hutuuliza Kila Mara

Mara mbili au tatu kwa mwaka tunafunga safari kutoka upande wa mashariki wa Los Angeles hadi Phoenix, Arizona, anakoishi dada yangu mkubwa na wanawe. Tunakwenda kwa gari-nyumba, lile ambalo Wamarekani huliita RV: mbele usukani, katikati jiko na meza, nyuma kitanda na choo. Tangu tuanze, simu za kuuliza hazikatiki. Nimechoka kujibu yale yale kwa kila binamu, kwa hiyo nimeyaandika hapa.

Kwa nini msipande ndege? Ni saa moja na ushee tu angani.

Kwa mtu mmoja mwenye begi moja, ndege inashinda, sibishani. Sisi tuko watano, pamoja na mama mkwe ambaye goti halimruhusu kukaa kwenye kochi la wageni. Gari-nyumba linampa kitanda chake mwenyewe na choo cha hatua tatu. Na dada hapati kazi ya kutandika magodoro sebuleni. Wageni wanaofika na chumba chao wanakaribishwa kwa moyo tofauti kabisa, hata kama hakuna atakayekwambia hivyo.

Mnapita njia gani?

Barabara kuu namba 10 moja kwa moja. Kutoka Los Angeles hadi Phoenix ni kama kilomita 600. Unapita bonde la San Gorgonio lenye mitambo mingi ya upepo, unateremka Palm Springs na Indio, unapanda hadi Chiriaco Summit, kisha ni jangwa tupu hadi Blythe kwenye mto Colorado. Ukivuka mto uko Arizona. Mbele kidogo ni Quartzsite, halafu kilomita mia mbili hivi za vichaka na mawe hadi Phoenix.

Wenye ndugu Las Vegas hupanda namba 15 kupitia Cajon na Baker. Wenye ndugu Flagstaff au Albuquerque hushika namba 40 kutoka Barstow kupitia Needles. Hiyo ya 40 ina upweke zaidi, vituo vya mafuta vimeachana sana. Usidanganywe na picha za ile barabara ya zamani ya Route 66 inayopanda milima hadi Oatman. Ni nyembamba na kona zake zimejikunja kama mkia wa kinyonga. Gari dogo litafurahi, gari-nyumba refu halina shughuli huko.

Tuondoke mwezi gani, na saa ngapi?

Novemba hadi Machi ndiyo raha yenyewe. Mchana ni wa fulana, usiku ni wa blanketi. Julai na Agosti ni adhabu: wastani wa joto la juu la mchana mjini Phoenix mwezi Julai ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, na mwaka 2023 mji ule ulikaa siku 31 mfululizo, kuanzia 30 Juni, bila siku hata moja kushindwa kufika nyuzi 43.

Lakini harusi na mazishi havisubiri Novemba. Ikibidi kwenda kiangazi, tunawasha injini saa kumi alfajiri. Nataka niwe nimeshapita mwinuko wa Chiriaco kabla jua halijapata nguvu, na niwe Blythe saa nne asubuhi nikinywa chai. Kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na moja jioni, gari-nyumba halina biashara barabarani katika mwezi wa Julai. Ukikwama Blythe saa saba mchana, tafuta uwanja wa magari-nyumba wenye umeme, chomeka plagi, washa kiyoyozi, lala.

Tukiondoka asubuhi, tutawahi chakula cha jioni?

Hili swali ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko joto lenyewe, na naomba unisikilize hapa hata kama hutasoma mengine.

Ramani ya simu itakwambia saa sita. Ramani hiyo inadhani unaendesha gari dogo. Gari-nyumba haliendi hivyo. Linapanda mlima kwa kuhema, linasimama kila baada ya saa mbili kwa sababu mtu anataka kitu kwenye kabati lililofunguka, na upepo ukivuma inabidi upunguze mwendo hadi kilomita 80 kwa saa ukishikilia usukani kwa mikono miwili. Hesabu saa nane, tisa ukiwa na wazee au watoto. Na ukiwa unavuta trela au gari dogo nyuma, kikomo cha mwendo California ni maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi.

Mwaka wetu wa pili nilimwahidi dada tutakuwa mezani saa moja jioni. Ilikuwa Agosti. Tulichelewa kutoka, na saa nane mchana tulikuwa tumepita Chiriaco Summit, mimi nimekanyaga mafuta. Simu ikalia.

"Mdogo wangu, mmefika wapi?"

"Shikamoo dada. Tunakuja, tunakaribia Blythe."

"Marahaba. Wali nishauweka jikoni."

Huo wali ndio ulionipa wazimu. Nilikuwa nimeshasikia mtikisiko mdogo nyuma kulia, nikajiambia ni lami mbovu. Dakika kumi baadaye tairi ya nyuma, ile ya ndani kati ya zile mbili pacha, ilipasuka kwa mlio wa bunduki, ikang'oa kipande cha bodi na bomba la maji chini ya choo. Tulisubiri fundi kwa saa tatu ukingoni mwa barabara katika nyuzi 44. Tulifika usiku wa manane na wali tukaula asubuhi.

Tangu siku hiyo simpi dada saa. Nampa siku. "Tutafika Ijumaa." Akiuliza Ijumaa saa ngapi, namwambia atatuona. Mwanzoni aliona ni dharau, maana kwetu mwenye kupika anastahili kujua. Sasa amezoea, anapika kitu kinachoweza kusubiri.

Tairi tuziangalie vipi?

Tairi nyingi za gari-nyumba huzeeka kabla hazijaisha. Gari linakaa miezi uani likichomwa na jua, kashata zake, yale meno ya tairi, bado nzito, unaona mpya kumbe mpira umekauka. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT, kisha tazama tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi zikifika miaka sita nazibadilisha, hata zikiwa zinang'aa.

Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, tairi zikiwa baridi, na ufuate kipimo kilichobandikwa karibu na mlango wa dereva kulingana na mzigo wako. Adui mkubwa ni upepo mdogo: tairi laini inajikunja sana, inajipasha yenyewe kutoka ndani, na lami ya jangwani inamalizia kazi. Watu hukosea wanapopima mchana kituoni, wanaona kipimo kimepanda, wanatoa upepo. Usitoe. Kipimo cha tairi ya moto lazima kipande. Ukiupunguza, kesho asubuhi utakuta tairi iko chini ya kiwango na hutajua kwa nini.

Za nyuma ni pacha kila upande, na ile ya ndani ndiyo inayosahaulika kwa sababu kuifikia ni lazima upige magoti. Piga magoti. Ile yangu iliyopasuka ilikuwa ya ndani, na nilipoulizwa mara ya mwisho kuipima ilikuwa lini nilitazama pembeni.

Injini ikianza kuchemka kwenye mlima?

Kutoka Indio, mji ulio chini kidogo ya usawa wa bahari, unapanda mita mia tano na kitu hadi Chiriaco Summit, na unapanda jua likiwa mgongoni. Njiani utaona bango linalokuambia uzime kiyoyozi gari lisichemke. Kuna mabango kama hayo pia kwenye namba 15 ukitoka Baker kuelekea Las Vegas. Watu hucheka wakipita. Halafu wanawaona wenzao pembeni bonneti zikiwa wazi.

Shuka gia mapema, kaa kulia nyuma ya malori, usishindane. Mshale ukipanda, zima kiyoyozi na uwashe hita ya ndani hadi mwisho, madirisha wazi. Ni mateso, ila hita inavuta joto kutoka kwenye injini, ni kama rejeta ya pili. Mshale ukiendelea kupanda, egesha mbali na barabara na uache injini izunguke taratibu kwanza. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kimepoa kabisa. Najua fundi aliyeungua uso kwa haraka hiyo.

Kuteremka kuna hatari yake. Tumia gia ndogo, breki ziguse na kuachia. Ukinusa harufu kama ya nywele zilizoungua, breki zimechoka, tafuta pa kusimama.

Tubebe maji kiasi gani?

Idara ya hifadhi za taifa inashauri lita nne kwa mtu kwa siku katika Death Valley, lile bonde la jangwa kali la California, na hicho ndicho kipimo ninachotumia jangwa lote. Watu watano, siku mbili za akiba: lita 40 za kunywa, katika madumu, mbali na tangi la gari. Tangi linategemea pampu, na pampu inategemea betri. Siku betri ikifa ndiyo siku utakayotaka maji.

Tangi lenyewe usilijaze hadi shingoni kama unakwenda moja kwa moja kwa ndugu. Lita moja ni kilo moja, na lita 150 ni kama kubeba watu wawili wanene juu ya mlima bure.

Kiyoyozi cha paani kinatosha?

Kinasaidia. Hakifanyi miujiza. Kwa kawaida kinashusha joto la ndani nyuzi 11 hivi chini ya lile la nje, kwa hiyo nje ikiwa 45, ndani utapata 34 na utashukuru. Funga mapazia, weka karatasi za kuakisi jua kwenye kioo cha mbele mkisimama, na upike nje.

Kiwashe tangu asubuhi. Kuta zikishapata moto, kiyoyozi kitafukuzana nao hadi usiku.

Jenereta ndiyo inayokiendesha mkiwa mmeegesha bila umeme, na inakunywa petroli kutoka tangi lile lile la gari. Kwenye magari mengi bomba lake limewekwa juu kidogo, hivyo mafuta yakishuka kama robo, jenereta inazima yenyewe ili usikwame. Nimepigiwa simu mara mbili na watu wanaodhani jenereta imekufa. Hapana, jazeni mafuta. Na hakikisha kengele ya hewa ya sumu inafanya kazi kabla ya kulala jenereta ikinguruma, maana moshi wa eksosi hauna rafiki.

Friji za zamani za gesi zinalemewa na joto na hazipendi gari likiegeshwa limeinama. Iwashe usiku wa kuamkia safari na uweke vitu vilivyokwisha kuwa baridi. Ukiweka kreti ya soda za moto saa tatu asubuhi, utakunywa soda za moto Phoenix.

Mafuta yanakwenda kiasi gani?

Gari la ukubwa wetu, kama mita tisa, hutembea kilomita tatu na nusu hadi nne kwa lita. Tangi la lita 200 linakupa kilomita 700 kwenye karatasi, na pungufu ya hapo upepo ukiwa usoni. Kati ya Chiriaco Summit na Blythe ni zaidi ya kilomita 100 ambazo mimi sitegemei kupata chochote. Mafuta ya California ni ghali kuliko ya Arizona, kwa hiyo tunaingia Blythe tangi likiwa na theluthi hivi, tunavuka mto, tunajaza upande wa pili. Tukirudi tunafanya kinyume chake. Zima gesi ya jiko na friji kabla ya kuingia kituoni. Mwali ule wa friji na mvuke wa petroli havipatani.

Upepo na vumbi vinatisha kiasi gani?

Mitambo ile ya upepo karibu na Palm Springs haikuwekwa pale kwa mapambo. Gari-nyumba ni ukuta wenye magurudumu, na lori likikupita upepo unakuvuta kisha unakusukuma. Punguza mwendo, mikono miwili. Kukiwa na tahadhari ya upepo mkali kwa magari marefu, ngoja. Kahawa ya mji wa Banning haijawahi kumuua mtu.

Vumbi ni jambo jingine. Msimu wa mvua za kiangazi Arizona huhesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, na mawingu yakivunjika hutanguliwa na ukuta wa vumbi mrefu kama mlima. Waarizona wanauita haboob, neno la Kiarabu la upepo unaovuma, wamelikopa bila kuuliza. Kipande cha namba 10 kati ya Phoenix na Tucson kina sifa mbaya kwa hilo.

Ukiuona mbele yako, toka kwenye barabara mapema. Ukikushika, egesha mbali kabisa na lami, kisha zima taa zote. Zote, hata za dharura. Vuta hendibreki, toa mguu kwenye breki. Watu wengi hubisha hapa kwa sababu silika inasema jionyeshe. Lakini dereva anayekuja nyuma haoni mstari, anaona taa zako nyekundu, anadhani wewe uko barabarani, anakufuata mpaka akugonge.

Mvua jangwani?

Hunyesha mlimani usipoona, maji yanakuja kwenye korongo kavu mbele yako. Barabara ikiwa imefungwa kwa vizuizi, usipite. Arizona ina sheria ya tangu 1995 inayomfanya dereva aliyezunguka kizuizi na kukwama majini alipe gharama za kuokolewa. Wenyeji wameipa jina linalomaanisha sheria ya dereva mpumbavu.

Bibi anaweza kulala kitandani gari likienda?

Mama mkwe aliuliza hivyo hivyo. "Si ndiyo sababu ya kununua nyumba yenye magurudumu, mwanangu?" Nikamwambia, "Mama, naomba uvumilie hadi tusimame, nikifunga breki ghafla kitanda hakina mkanda." Alinuna mpaka Indio. Tunasimama mara nyingi zaidi kwa ajili yake, analala nusu saa, tunaendelea. Watoto wakae kwenye viti vyao vya usalama, si mezani wakichora. Na kama lako ni trela la kawaida linalovutwa, California hairuhusu mtu kukaa ndani yake likiwa safarini.

Tukitaka kulala njiani?

Quartzsite. Kijiji hiki kidogo majira ya baridi hugeuka mji wa magari-nyumba: wastaafu kutoka majimbo ya barafu hushuka huko kwa maelfu na kuegesha jangwani. Pembeni mwa kijiji kuna maeneo ya ardhi ya umma yaliyotengwa kwa wakaaji wa muda mrefu, kwa kibali cha kulipia, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kwingineko kwenye ardhi kama hiyo, kwa kawaida unaruhusiwa siku 14 ndani ya kila siku 28 bila malipo, ilimradi uondoke na taka zako. Hakuna bomba, hakuna soketi, kuna nyota.

Mkifika hapo wapelekeni watoto makaburini wakaone kaburi la Hadji Ali. Alikuwa mchunga ngamia aliyetoka nchi za dola ya Uthmaniyya, akaletwa mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu jangwani. Ulimi wa Wamarekani ulishindwa na jina, wakamwita Hi Jolly, na ndivyo lilivyoandikwa kaburini. Alifariki mwaka 1902. Juu yake wamejenga piramidi ndogo ya mawe na ngamia wa shaba kileleni. Mwaka 1857 ngamia wa jaribio lile walisaidia kupima njia ambayo namba 40 sasa inaifuata kwa sehemu kubwa. Walibeba maji na mizigo vizuri, ila punda na farasi waliwaogopa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, mpango ukafa, wengine wakaachiwa jangwani. Kila nikipita hapo huwa nawaza kwamba wao hawakuhitaji kupimwa upepo.

Kusimama mchana, Chiriaco Summit kuna jumba la makumbusho la Jenerali Patton wa jeshi la Marekani, aliyefundisha askari wa vifaru katika jangwa hilo mwaka 1942. Vifaru viko nje. Msiwaache watoto wapande mchana wa Julai, chuma kinaunguza kama kikaango. Lami pia: inaweza kupita nyuzi 70, na mtoto anayeruka chini bila viatu ataungua nyayo.

Leseni maalumu inahitajika? Na kukodi je?

California inakuruhusu kuendesha gari-nyumba la hadi futi 40, kama mita 12, kwa leseni ya kawaida ya gari dogo. Zaidi ya hapo kuna daraja jingine. Mgeni wa matembezi anaweza kutumia leseni halali ya nchi yake, lakini aliyehamia ana siku kumi tu tangu awe mkazi kuomba ya California.

Kukodi, soma mkataba hadi mwisho. Bei ya siku ndiyo mlango tu, ndani kuna malipo kwa kila maili, kwa kila saa ya jenereta, na kwa tangi la maji taka usipolirudisha tupu. Kampuni nyingi zinakataza Death Valley wakati wa kiangazi, na wana haki: kipimo cha nyuzi 56.7 kilichoandikwa Furnace Creek, ndani ya bonde hilo, tarehe 10 Julai 1913 bado ndicho kinachotambuliwa kuwa rekodi ya dunia. Piga picha za paa na kona zote kabla ya kuondoka. Sisi tuliwahi kudaiwa mkwaruzo wa paani ambao hatukuweza hata kupanda kuuona.

Tukifika, tuegeshe kwa ndugu namna gani?

Piga simu wiki moja kabla, na maswali yawe matatu. Mtaa una chama cha wakazi chenye kanuni? Vitongoji vingi vya Phoenix vinavyo, na vingine hutoa siku moja au mbili tu za kupakia na kupakua, kisha faini kwa mwenye nyumba. Aliyetozwa ni dada yako, si wewe, na hatasema, ataweka moyoni. La pili, matawi ya miti na waya vina urefu gani? Gari-nyumba na kiyoyozi chake lina mita tatu na nusu au zaidi, na shemeji yako atasema "pana nafasi tele" akitazama upana. La tatu, uwanja wa mbele umeinama kiasi gani?

Halafu umeme, na hapa nitasema kwa ukali. Soketi ya kawaida ya nyumba ni ya ampea 15, volti 120. Inatosha taa, friji na kuchaji betri. Kiyoyozi cha paani peke yake kinaweza kula karibu yote hayo, na ukikiunganisha kwa waya mwembamba wa kuongezea, ule wa kuning'iniza taa za sikukuu, waya utachemka na plagi itayeyuka. Tumia waya mnene, mfupi iwezekanavyo, na uguse plagi kwa mkono baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, zima.

Usimruhusu shemeji akufungie soketi "ya ampea 30" kwa kukisia. Ya gari-nyumba ni ya volti 120, lakini mafundi wengi wakisikia ampea 30 wanafikiria mashine ya kukausha nguo, ambayo ni volti 240. Ukichomeka hapo, vifaa vyako vyote vinaungua kwa sekunde moja. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, hata kama fundi ni mjomba.

Choo je?

Kuna matangi mawili ya uchafu: la maji ya jikoni na bafuni, na la chooni. Vali ya chooni ifungwe muda wote, ukiiacha wazi maji yanakimbia na mengine yanabaki, na yaliyobaki yanakauka kwa joto la Arizona. Siku ya kumwaga, nenda kituo maalumu, anza na la choo, malizia na la bafu ili lisafishe bomba. Kamwe usimwage kwenye mfereji wa mvua wa mtaani. Tukiwa kwa dada tunatumia choo chake mchana, cha gari usiku tu.

Nyoka wanaingia garini?

Sijawahi kuona. Wasumbufu ni panya wa jangwani: wanaingia chini ya bonneti usiku na kutafuna waya. Baadhi ya wakazi wa Phoenix huacha bonneti wazi na taa ikiwaka ili wasijisikie nyumbani. Mkiegesha katika jangwa la Mojave, chungulieni chini ya gari kabla ya kuondoka, kobe wa jangwani hujificha kivulini hapo, na ni mnyama anayelindwa na sheria.

Saa za Arizona ni zipi?

Arizona haibadilishi saa, isipokuwa katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko. California inabadilisha. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi mapema Novemba saa ni ile ile pande zote mbili, na majira ya baridi Phoenix iko mbele kwa saa moja. Ongeza na sisi tunaosema saa nne tukimaanisha kumi ya Wazungu, halafu watoto wa dada waliozaliwa huku wanaelewa nne kweli. Sababu nyingine ya kutaja siku tu.

Dada akitupa machungwa ya kwake turudi nayo?

Atawapa. Ua wake una miti mitatu na mwezi Januari haiwezi kuliwa yote. Lakini ukivuka mto kurudi California, pale Blythe kuna kituo cha ukaguzi wa mazao, na matunda ya jamii ya machungwa yaliyotoka uani kwa mtu hayapiti, kwa hofu ya wadudu na magonjwa ya mashamba. Mara ya kwanza mkaguzi alichukua mfuko mzima kwa upole kabisa, mama mkwe akamtazama kama mwizi. Siku hizi tunaamka mapema siku ya kuondoka, tunakaa na dada uani, tunamenya na kula mpaka vidole vinanata. Yanayobaki anayakamua yeye baada ya sisi kuondoka, kisha ananipigia simu niko Quartzsite kunieleza ametoa jagi ngapi.